Dibaji ni nguo

Zile karatasi tatu zilirudi mezani kwangu zimekunjwa mara moja, safi kabisa, na nilipozifungua nikaona mstari mmoja tu wa peni nyekundu. Pale juu nilipoandika DIBAJI kwa herufi kubwa, mwalimu alikuwa amelikata lile neno, na pembeni yake, kwa ule mwandiko wake wa ubaoni, ameandika: utangulizi.

Basi. Kwingine kote hakugusa.

Ilikuwa kama saa kumi jioni hapa dukani kwangu Ujiji, nina steshenari ndogo, nachapa, natoa kopi, nadurufu mitihani, na siku hiyo umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi ndo umerudi muda huo kwa hiyo watu walikuwa wamejaa mpaka barazani. Mwalimu akakaa kwenye benchi akasubiri wapungue. Halafu akasema taratibu, "Mwanangu, umeandika vizuri sana. Ila huu ni utangulizi. Mimi nilikuomba dibaji."

Nikamwambia, "Mwalimu, si ni kitu kilekile?"

Akanitazama. "Utenzi wangu umeuchapa wewe mwenyewe. Beti za mwanzo zinasema nini?"

Nikamjibu zinamwita Mungu, zinaomba karatasi na kalamu, zinamtaja anayesimuliwa na kwa nini anasimuliwa.

"Sasa mimi nimeshatangulia. Wewe unatangulia nini tena?"

Akanyanyuka, akachukua baiskeli yake, akaondoka.

Hilo swali limekaa na mimi wiki sita.

Mwalimu na utenzi wake

Huyu ndiye aliyenifundisha Kiswahili darasa la sita. Amestaafu siku nyingi, na miaka yote hii kumbe alikuwa anatunga utenzi, beti mia moja themanini na sita, kuhusu kaka yake mkubwa aliyekuwa mvuvi wa dagaa hapa ziwani na sasa ametangulia mbele ya haki. Aliniletea madaftari mawili ya shule, yale ya mistari, kingo zimeshaanza kulegea. Alitaka vitabu hamsini tu, vya watoto wa marehemu, wajukuu, na wazee waliokuwa wanavua naye.

Siku niliyomaliza kuchapa ndo akaniambia, "Wewe ndiye mtu wa kwanza kuusoma wote mpaka mwisho. Niandikie dibaji."

Nilifurahi mno. Usiku uleule nikaandika kurasa tatu: utenzi ni nini, una mizani nane kila mstari, unamhusu nani, sehemu ya kwanza inasema hivi, ya pili vile, uvuvi wa karabai unafanyikaje. Nikaona nimemtendea haki.

Na ukweli ni kwamba mwalimu alikuwa sahihi kuhusu hizo beti za mwanzo. Utenzi unakuja na mlango wake. Tangu zamani mtunzi anaanza kwa jina la Mungu, anaagiza wino na karatasi, anasema anachotaka kusema ndipo anakisema. Mwana Kupona, yule mtunzi wa kike, mwaka 1858 kule pwani ya kaskazini anamwita binti yake asogee, akae na wino na karatasi, kuna maneno anataka kumwachia. Hapo msomaji ameshaingizwa ndani, amekaribishwa na mwenye nyumba mwenyewe. Mtu mwingine akisimama nje akaanza kueleza nyumba ina vyumba vingapi, anamchelewesha mgeni tu.

Kwa hiyo kama dibaji sio hiyo, ni nini?

Neno nililolichapa kila wiki

Nilianza kufungua mafaili kwenye kompyuta usiku. Vitabu vya kwaya, taarifa za vikundi vya kuweka na kukopa, tasnifu za vijana wa vyuo wanaorudi nyumbani kuzimalizia, vijitabu vya msikitini na vya kanisani. Karibu kila faili kuna ukurasa umeandikwa Dibaji, kabla yake Tabaruku na Shukrani, baada yake Utangulizi. Watu walikuwa wananiuliza hapa dukani, kaka hapa niweke dibaji au utangulizi, na mimi nawajibu weka vyote. Nawajibu kwa uhakika kabisa! Nikikumbuka naumia kidogo, maana walikuwa wananiamini.

Najua tunavyofundishwa. Dibaji inazungumzia kitabu chenyewe, kimetokeaje na kwa nini, na mara nyingi anaandika mtu mwingine. Utangulizi unazungumzia mada na anaandika mwenyewe. Hiyo haina shida, mtihani unapita. Lakini inakuambia nani aandike na aandike habari gani, haikuambii dibaji ni kitu cha namna gani. Mwalimu alikuwa na kitu zaidi ya hapo kwenye ile peni yake na mimi nilikuwa sikioni.

Wanaotangulia

Nikaanza na lile neno jingine, maana lile nalijua. Utangulizi, kutangulia. Hapa Ujiji hilo neno halihitaji kamusi. Huu mji ulikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora, na mbele ya kila msafara alikuwepo kirangozi ameshika bendera, wapagazi wanamfuata nyuma. Huyo ndo utangulizi. Anaijua njia, anakuonyesha wapi pa kukanyaga.

Nikatafuta kwenye simu mpaka bando likaisha, nikaweka jingine, na nilichoona ni kwamba watu karibu wote duniani wamefikiria vilevile. Wagiriki walikuwa na prolegomena, neno zito la wasomi mpaka leo, na ukilifungua ndani ni jepesi tu: pro ni mbele, legein ni kusema, yaani yanayosemwa kabla. Walatini nao praefatio, kusema kwanza. Waarabu mukadima, kinachowekwa mbele, kwenye mzizi uleule uliotupa sisi kadamnasi, mbele za watu.

Halafu kuna haya mawili ambayo yalinichelewesha kulala.

La kwanza ni Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis mwaka 1332. Alikuwa anaandika historia kubwa ya dunia aijuayo, akajifungia kwenye ngome moja huko ambako sasa ni Algeria, na mwaka 1377 akaandika sehemu ya mwanzo kwa miezi kama mitano hivi. Ile sehemu ya mwanzo ikawa kubwa, ikawa na mawazo yake yote kuhusu dola zinavyoinuka na kuanguka, na leo dunia nzima ukisema Mukadima wanajua unasema kitabu chake. Historia yenyewe iliyofuata ni wachache wanaoifungua. Wafaransa walipoitafsiri hiyo Mukadima miaka ya 1860 wakaiita kwa lile neno la Kigiriki, Prolégomènes. Kirangozi akaukumbatia msafara mzima.

La pili ni Kant, yule mwanafalsafa wa Kijerumani. Alitoa kitabu chake kikubwa mwaka 1781, watu hawakukielewa, na mwaka 1783 akatoa kingine kifupi akakiita Prolegomena. Yaani yanayosemwa kabla, yametoka miaka miwili baadaye.

Hilo lilinituliza kidogo kwa sababu linafanana na kazi yangu. Kila dibaji niliyowahi kuichapa iliandikwa mwisho. Kitabu kimeisha, kurasa zimeshapewa namba, ndo mtu anakuja mbio na ukurasa mmoja wa kuweka mbele. Mtu aliyefika mwisho wa njia ndiye anayerudi kukaa mlangoni.

Ila bado nilikuwa nazungukia kutangulia. Na mwalimu alishasema hataki kutanguliwa.

Kwa ustadhi

Jirani yangu ni ustadhi, anafundisha madrasa ya watoto jioni. Nilimwendea baada ya Alasiri nikamuuliza, ustadhi, dibaji kwa Kiarabu ni nini hasa?

Hakunijibu. Aliingia ndani akatoka na kitabu cha hadithi za Mtume, akafunua, akanisomea hadithi ya Hudhaifa, sahaba wa Mtume, ile ya kukatazwa kunywa kwenye vyombo vya dhahabu na fedha. Alisoma Kiarabu kwanza na katikati nikasikia neno langu. Nikamsimamisha.

"Umesema nini hapo?"

"Wala dibaji. Msivae hariri wala dibaji."

Nilidhani anafanya utani wa kusudi kunifundisha kitu. Kumbe ni hilohilo. Dibaji ni nguo.

Ni hariri nzito, iliyofumwa kwa mapambo, maua na mashina yametoka kwenye ufumaji wenyewe, hayakushonwa juu yake. Asili yake Kiajemi, wao wanaita diba, na zamani zaidi neno liliishia na sauti ya g, Waarabu walipolipokea wakaifanya j. Likazunguka na biashara ya hariri mpaka likafika kwenye vinywa vya watu waliokuwa hawajawahi kuigusa nguo hiyo.

Na lilihamaje kutoka kwenye nguo kuja kwenye kitabu? Ustadhi alinielezea kwa kidole, juu ya meza. Mnakili wa zamani alipomaliza kitabu cha thamani, ule mwanzo wake alikuwa haachi hivihivi. Anaupamba, dhahabu, buluu, mashina ya maua yanapita moja juu ya jingine, mpaka ukurasa unafanana na hariri iliyotandikwa. Watu wakauita kwa jina la nguo. Baadaye jina likashuka kutoka kwenye mapambo likakaa kwenye maneno yaliyoandikwa katikati ya mapambo. Mapambo yakaisha, maneno yakabaki na jina.

Nasi tulikuwa na mikono ya kazi hiyo. Kule Siyu, kisiwa cha Pate, walinakili misahafu na kuipamba kwa wino mwekundu na mweusi na wa njano, ni Waswahili walioifanya, na baadhi ya hiyo misahafu ipo mpaka leo.

Nikamshukuru ustadhi nikarudi dukani. Nilikaa muda mrefu sijawasha hata taa.

Daftari, kalamu, karatasi

Niseme kitu hapa ambacho ni cha pembeni kidogo lakini kilinishika.

Nilikuwa nimeshika daftari la madeni. Nikasema hebu nalo niliulize. Daftari limetoka Kigiriki kupitia kwa Waajemi na Waarabu, na huko mwanzo lilikuwa diphthera, ngozi, ngozi ya mnyama iliyotengenezwa ili iandikwe. Kalamu ilikuwa kalamos, tete, lile linaloota majini. Karatasi nayo ni khartes, ya mafunjo. Faharasa ya mwisho wa kitabu ni neno la Kiajemi kama dibaji. Ufafanuzi ambao wanazuoni wanauandika pembeni mwa kitabu Waarabu wanauita hashiya, na hashiya ni upindo wa nguo.

Na hariri! Sisi tuna hariri kitambaa na tuna kuhariri, kazi ya mhariri. Kwa Kiarabu hizo maana mbili zina njia zake tofauti ingawa zinashiriki herufi za mzizi, lakini kwenye Kiswahili zimekutana neno moja, sauti moja, na mimi nimekuwa nikiandika kwenye bango langu KUCHAPA NA KUHARIRI miaka tisa bila kusikia kitambaa ndani yake.

Yaani duka langu lote limejaa ngozi na matete na nguo. Nilitazama zile rimu za karatasi kwenye shelfu kama vitu vigeni.

Hongo

Hapo ndipo nilipokosea mara ya pili, na hili ndo linaniuma zaidi kuliko lile la kwanza.

Nikajiambia sawa, dibaji ni hariri, basi mwalimu anataka hariri. Nikaandika upya. Nikamwita mtunzi bahari ya hekima, nikaita utenzi lulu ya Ziwa Tanganyika, nikatafuta maneno mazito ya Kiarabu kila nilipoweza, nikasema kila nyumba iwe nacho kitabu hiki. Ukurasa mmoja na robo. Nikauprinti.

Nikausoma kwa sauti dukani peke yangu usiku, na nilipofika katikati nikasimama.

Mwalimu anavaa shati moja la kaki ambalo nalijua tangu darasa la sita. Yule kaka yake kwenye utenzi analala kwenye mtumbwi ameviringishwa tanga la zamani. Na ile hadithi iliyonipa neno ndiyo inayomkataza mwanamume kuvaa hariri. Nani sasa ninamvika?

Nikakumbuka jambo la hapahapa. Burton na Speke, wale wapelelezi Waingereza, walipofika Ujiji Februari 1858 walikuta nguo na shanga ndo pesa. Merikani, ile pamba nyeupe ya Marekani, na kaniki nyeusi ya kutoka India. Na njiani kote, kabla hujapita kwenye nchi ya mtemi, unatoa nguo kwanza. Ilikuwa inaitwa hongo. Neno limechafuka baadaye, leo ukilisema unasema rushwa, lakini wakati huo ilikuwa ni ile nguo unayoitanguliza ili ufunguliwe njia.

Nilichokuwa nimeandika ni hongo. Nilikuwa namlipa msomaji kwa maneno ya kung'aa ili aupitishe utenzi wa mwalimu, kama vile utenzi wenyewe hauna nguvu ya kupita.

Sikuupeleka. Niliuchana, na wiki mbili sikuandika chochote.

Kwenye hizo wiki mbili nilianza kuwa na shaka hata na neno lenyewe. Asili ya neno inamfunga nani? Hakuna anayefungua daftari akafikiria ngozi. Hakuna anayeshika karatasi akaona mafunjo, wala kalamu akaona tete. Maneno yanasafiri, yanaacha mizigo njiani, na pengine mwalimu alikuwa anataka tu ile tofauti ya darasani, dibaji ya mtu mwingine na utangulizi wa mwenyewe, na mimi ndo nimepotelea Uajemi kwa sababu ya mstari mmoja wa peni. Nilikaribia kabisa kumwambia mwalimu atafute mtu mwingine aliyesoma zaidi.

Niliandika ile meseji. Ilikaa kwenye simu siku tatu sijaituma.

Pembe ya kitenge

Jumamosi mke wangu alinituma Mwanga sokoni nimchukulie mama yake kitenge, kuna harusi. Mnaojua Kigoma mnajua vitenge vya Mwanga, vile vinavyovuka kutoka Kongo. Kuna mama mmoja nanunua kwake siku zote, meza yake imepangwa pisi zimekunjwa mpaka zinamzidi urefu akiwa amekaa.

Nikamwambia nataka cha mama mkwe, cha heshima, kisipige kelele.

Hakuuliza zaidi. Akaingiza mkono katikati ya rundo akavuta pisi moja ya kijani iliyokolea na kahawia, akaiweka juu ya mapaja, na hakuifungua. Alichukua pembe moja tu. Akaivuta kama shubiri mbili hivi, akailaza kwenye kiganja, akaigeuza. Upande wa chini rangi ilikuwa ileile. Kijani kilekile, mistari ileile myembamba ya nyufa za nta iliyopasuka wakati wa kupaka rangi. Akaigeuza tena juu. Akanishikisha na ile pindo yenye maandishi madogo.

"Umeona? Huku na huku sawa. Feki huku chini pangekuwa peupe peupe."

Nikasema nimeona. Halafu sijui kwa nini nikamuuliza, "Mama, mbona huifungui yote nikaiona?"

Akacheka. "Nikiifungua yote hapa, yeye nyumbani atafungua nini?"

Akaanza kuirudisha ile pembe kwenye mkunjo wake, mstari kwa mstari, huku anaongea. "Na tena baba, hii pembe ni ya kitenge hikihiki. Kuna watu wanaweka kizuri juu kama picha, ndani wanakupa kingine. Mimi nakuonyesha pembe yake mwenyewe."

Nililipa. Nilisahau chenji yangu, ikabidi aniite.

Kwenye bodaboda kurudi Ujiji nimekumbatia ule mfuko, nikafuta ile meseji.

Maana nilikuwa nimeisikia nguo vibaya. Nilisikia hariri nikafikiria kupamba, kumbe kile ustadhi alichonionyesha juu ya meza nilikipita: mapambo ya dibaji yametoka kwenye ufumaji wenyewe. Huwezi kuyabandua. Na yule mnakili alikuwa anapamba karatasi ya kitabu hichohicho, kwa wino wa kitabu hichohicho, akiwa ameshakinakili chote kwa mkono wake. Ustadhi alishaniambia pia, nikalipuuza, kwamba kwa Kiarabu dibaja ya mtu ni ngozi ya uso wake, shavu lake. Uso hauelezi mtu yupoje, hausimulii maisha yake. Ila ni wake, na ukiuona umeshaanza kumwona yeye.

Mimi nilikuwa nimeandika kwanza ramani, halafu hongo. Zote mbili zilitoka kwangu. Hakuna uzi hata mmoja wa mwalimu uliokuwa ndani.

Nusu ukurasa

Nilifungua tena faili la utenzi nikaanza ubeti wa kwanza, natafuta pembe.

Niliipata kwenye ubeti wa mia na arobaini na kitu. Ni mahali ambapo nilipokuwa nachapa nilipita haraka kwa sababu sio pa dhoruba wala pa msiba. Mnajua dagaa wanafuata taa gizani, na mwezi ukiwa mpevu taa haiwaiti, ziwa lote limeng'aa, wavuvi wanakaa nyumbani. Mwalimu anasema hivi:

Mbalamwezi ikiwaka
karabai huiweka
mlangoni hutandika
nyavu akijishonea

Kisha beti tatu zinazofuata ni watoto. Wanatoka mmoja mmoja kukaa kwenye mkeka, mdogo anashikilia uzi, mkubwa anauliza ziwani kuna nini, na baba anajibu huku hainui macho kwenye sindano. Usiku mwingine wote hawamwoni, anaondoka jioni, anarudi alfajiri analala. Wale watoto walimjua baba yao kwa mwanga wa mwezi.

Nilipochapa mara ya kwanza hilo sikuliona. Mwalimu hajaliandika hivyo, ameandika mkeka na uzi tu.

Nikaandika nusu ukurasa. Nikaanza na ule mkeka. Nikasema kwamba nilichapa beti hizi mchana, na kwamba usiku mwezi ulipotoka nilitoka nje nikatazama upande wa ziwa, ambako hapakuwa na taa hata moja, na nikajua kwa nini. Nikaandika jinsi daftari la pili lilivyokuwa na alama ya tone la mafuta ya taa kwenye ukurasa huo. Nikanyamaza hapo. Sikusema utenzi una beti ngapi wala sikumsifu mtu. Juu ya ukurasa, mahali pa kichwa cha habari, niliacha wazi, kwa sababu nilikuwa siwezi tena kuliandika lile neno mwenyewe kabla yeye hajasoma.

Mwalimu alikuja Alhamisi. Shikamoo, marahaba, nikampa. Aliusoma amesimama, miwani ameisogeza kwenye paji la uso na karatasi ameileta karibu kabisa na macho. Alipomaliza alikaa kwenye benchi.

"Hilo tone," akasema, "ni la taa yake. Nilikuwa naandika kwake."

Wateja wawili walikuwa wanasubiri kopi za vitambulisho na hakuna aliyemharakisha.

Akatoa peni nyekundu mfukoni mwa shati. Akaweka karatasi juu ya goti, chini akaweka daftari langu la madeni kuipa ugumu, na pale juu nilipoacha wazi akaandika kwa mwandiko wa ubaoni, polepole, dibaji.

Vitabu hamsini vimetoka Jumamosi iliyopita. Ule ukurasa sikuuchapa upya, niliuskani vilevile ulivyo, na kwa kuwa wino wa rangi ulikuwa umebaki kidogo ni vitabu kumi na viwili tu ambavyo neno limetoka jekundu. Hivyo kumi na viwili mwalimu amevitenga mwenyewe, ni vya wale watoto wa mkekani na watoto wao.